Mwanamitindo na Shahidi: Picha na Neno katika Matangazo ya Mavazi ya Pikipiki

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilizaliwa katika soko ambalo mnunuzi aliweza kukishika kitu kwa mkono wake, akakigeuza juu chini, akamwuliza muuzaji swali na kumtazama usoni wakati wa kujibu. Katika soko la siku hizi hata kilicho kizuri hujitembeza. Hutembezwa kwa picha, na aghalabu mnunuzi hukutana na picha muda mrefu kabla ya kukutana na kitu chenyewe. Pengine asikutane nacho mpaka awe amekwisha kulipa.

Makala haya yanakusudia kuchunguza aina moja tu ya matangazo hayo, nayo ni matangazo ya mavazi ya waendeshaji pikipiki: makoti na suruali za ngozi au za kitambaa kigumu, glavu, buti na suti za mashindano. Aghalabu anayeonekana katika picha hizo ni mwanamitindo wa kuajiriwa, ambaye huenda hajapata kuendesha pikipiki hata siku moja. Waendeshaji wengi hulalamika kwamba huo ni udanganyifu. Wafanyabiashara nao hujibu kwamba kazi ya picha ni kuonyesha nguo, na kwamba hakuna ajuaye kuonyesha nguo kuliko yule aliyeifanya kazi hiyo kuwa riziki yake.

Kwa mtazamo wetu, pande zote mbili zina sehemu ya haki, na kila upande umeiacha sehemu nyingine. Tangazo la mavazi ya namna hii hutoa madai mawili kwa pamoja. Dai la kwanza ni kwamba vazi lapendeza. Dai la pili ni kwamba vazi litamkinga mvaaji siku atakapoanguka. Mwanamitindo anaweza kulibeba dai la kwanza. La pili hawezi kulibeba, na ni lazima libebwe na maneno. Maneno yakinyamaza, picha hulisema dai la pili kwa hila bila mtu yeyote kutamka uwongo. Hapo ndipo suala hili linapokuwa suala la lugha, na ndiyo sababu ya kulileta mbele ya wasomaji wa jarida hili.

Maneno yanayotuhusu

Yatupasa kwanza kutenga maana za maneno machache. Mwanamitindo ni mtu afanyaye kazi ya kuonyesha mavazi kwa ujira. Hukodisha umbo lake, mwendo wake na ustadi wake wa kusimama mbele ya kamera. Hasemi kwamba nguo ni yake, wala haulizwi kama ataivaa kesho. Hakuna aibu katika kazi hiyo, kama vile hakuna aibu katika kazi ya mwigizaji anayevaa joho la mfalme ilhali hana ufalme.

Shahidi ni mtu wa namna nyingine. Yeye hutoa neno lake juu ya jambo alilolipitia, na thamani ya neno hilo hutokana na kule kulipitia. Mwendeshaji asemaye, "Nilianguka nikiwa nimevaa koti hili, na ngozi yangu ilisalimika," ni shahidi. Ushahidi wake waweza kuwa wa kweli au wa uwongo, lakini ni ushahidi. Mwanamitindo hawezi kusema uwongo wa aina hiyo, kwa sababu hakuitwa kutoa ushahidi. Hatari hutokea pale msomaji wa tangazo anapomdhania mwanamitindo kuwa shahidi, na mtengenezaji wa tangazo akaiacha dhana hiyo iendelee kwa kuwa yamfaa. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Upande wa nguo nao wahitaji kutengewa maneno. Kiswahili kinalo neno vazi, lililo pana, na pembeni yake pana pambo na kinga. Pambo hutazamwa, kinga hujaribiwa. Kadhalika lugha yetu inayo maneno dirii na deraya, yaliyotumika kwa vazi la vita linalozuia mkuki na upanga. Siku hizi deraya husikika zaidi katika habari za magari ya kijeshi, lakini maana yake ya asili yatufaa sana hapa. Vazi la pikipiki ni pambo na deraya kwa wakati mmoja, nayo matatizo ya tangazo lake huanzia hapo. Dirii hainunuliwi kwa kutazamwa. Mtu huuliza imetengenezwa kwa nini, na imezuia nini.

Vazi lenyewe na mwili wa mvaaji

Mtu aendeshaye pikipiki kwa kilometa 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 katika kila sekunde moja. Akianguka, mwili wake hupigwa na ardhi, kisha huburutwa juu ya lami. Vazi lina kazi mbili zinazolingana na mambo hayo. Kazi ya kwanza ni kustahimili msuguano, yaani kutotoboka na kutopasuka mishono wakati wa kuburutwa. Kazi ya pili ni kupunguza nguvu ya pigo, na hiyo hufanywa na vikinga vinavyotiwa ndani ya mabega, viwiko, makalio, magoti na mgongo. Ngozi nzuri isiyo na vikinga yaweza kushinda lami na isiuokoe mfupa. Vikinga vizuri ndani ya kitambaa chepesi vyaweza kukawia kidogo tu, kisha vikahama kutoka mahali pake mara kitambaa kinapochanika.

Sasa tumtazame mwanamitindo. Hupigwa picha akiwa amesimama, mabega yamenyooka, mikono ikining'inia au ikiwa mifukoni. Lakini vazi la pikipiki halikukatwa kwa ajili ya mtu aliyesimama. Mikono ya koti hukunjwa tangu kwa fundi, kwa sababu mwendeshaji hunyosha mikono mbele kushika usukani. Mgongo hurefushwa ili kiuno kisibaki wazi mtu anapoinama. Miguu ya suruali hurefushwa ili isipande juu ya buti magoti yanapokunjwa. Suti ya mashindano humfanya mvaaji ainame hata asipotaka. Kwa hiyo vazi lililokatwa sawasawa kwa kazi yake huonekana lina kasoro juu ya mtu aliyesimama, na lile lionekanalo limenyooka vizuri juu ya aliyesimama huenda likambana au kumwacha wazi akiisha kuketi juu ya pikipiki.

Mpiga picha analijua tatizo hilo, na anazo njia za kulitatua. Huweza kulibana koti kwa vibanio upande wa nyuma, mahali ambapo kamera haioni. Huweza pia kuondoa vikinga ili koti lilale vizuri juu ya kifua na mabega. Mambo hayo ni ya kawaida katika kazi ya kupiga picha za mavazi, na kwa gauni la harusi hayana madhara. Kwa vazi la pikipiki ni jambo jingine, kwa maana kilichoondolewa ndicho mnunuzi alichokifuata. Mtazamaji hawezi kujua kwa macho kama vikinga vimo ndani. Picha haina namna ya kusema "vimo" wala "havimo".

Historia kwa ufupi

Historia ya makoti haya yaonyesha jinsi pambo na kinga zilivyoandamana, zikaachana, kisha zikachanganywa tena. Mwaka 1928 Irving Schott wa New York alitengeneza koti la ngozi lenye zipu iliyokwenda mshazari kifuani. Aliliita Perfecto, jina la aina ya sigara aliyoipenda, nalo liliuzwa kwa dola 5.50. Umbo lake lilitokana na haja: ukosi uliweza kufungwa, na upande mmoja wa koti uliufunika mwingine ili upepo usipenye. Huko Uingereza, mwaka 1936, kampuni ya Barbour ilitoa suti ya pamba iliyotiwa nta kwa ajili ya mashindano ya siku sita ya pikipiki. Nguo hizo zilikuwa nguo za kazi, na sifa zake zilikuwa sifa za kazi.

Mwaka 1953 ilitoka filamu ya Kimarekani iitwayo The Wild One. Marlon Brando aliigiza kiongozi wa kundi la vijana wa pikipiki, akiwa amevaa koti la ngozi la aina ile, suruali ya jinzi, na kofia ya kitambaa badala ya helmeti. Nchini Uingereza filamu hiyo ilinyimwa kibali cha kuonyeshwa kwa umma hadi mwaka 1967. Haikuwa tangazo la biashara, walakini hapana shaka kwamba ilifanya kazi ambayo matangazo mengi hayakuweza kuifanya. Iliwafundisha vijana wa nchi nyingi namna mwendeshaji anavyopaswa kuonekana. Haikuwafundisha lolote juu ya namna ya kuanguka na kuinuka. Tangu hapo koti lilipata maana mpya, ya uasi na uhuru, na maana hiyo yaweza kuvaliwa na mtu asiye na pikipiki.

Mabingwa wa mitindo hawakukawia kuiona maana hiyo. Mwaka 1960 Yves Saint Laurent, akiwa bado katika nyumba ya Dior mjini Paris, alionyesha koti la aina hiyo lililotengenezwa kwa ngozi ya mamba. Mwaka 1991 mpiga picha Peter Lindbergh aliwapanga wanamitindo mashuhuri, miongoni mwao Linda Evangelista, Naomi Campbell na Cindy Crawford, katika mtaa wa Brooklyn wakiwa wamevaa mavazi ya mtindo wa pikipiki kwa ajili ya jarida la Vogue la Marekani. Hakuna aliyedanganywa na picha zile. Mtazamaji alijua kwamba auziwacho ni pambo.

Sambamba na njia hiyo ilikuwapo njia ya mashahidi. Mwigizaji Steve McQueen alikuwa mtu wa njia zote mbili. Mwaka 1964 alishiriki katika mashindano ya siku sita huko Erfurt, Ujerumani ya Mashariki, akiwa katika timu ya Marekani na amevaa koti la Barbour, mpaka ajali ikamtoa mashindanoni. Picha yake ina uzuri wa mwigizaji na tope la mshindani.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Mwingereza Barry Sheene. Mwezi Machi 1975 alianguka katika uwanja wa Daytona, Marekani, akiwa katika mwendo wa kilometa 280 hivi kwa saa, akavunjika mifupa mingi. Wapiga filamu waliokuwa wakitayarisha kipindi juu yake waliyanasa yote. Baada ya wiki saba alikuwa amekwisha kurudi mashindanoni, na mwaka 1976 na 1977 akawa bingwa wa dunia. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Dainese ya Italia ilipobuni kinga ya mgongo iliyoungwa kwa vipande kama gamba la kambamti, Sheene alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitumia. Neno la mtu kama huyo juu ya kinga ya mgongo lilikuwa na uzito ambao mwanamitindo yeyote, hata awe mzuri namna gani, asingeweza kuupata.

Lakini Sheene huyo huyo alionekana pia katika matangazo ya manukato ya Brut, pamoja na mwanamasumbwi Henry Cooper. Kuvunjika mifupa hakumfanyi mtu kuwa mjuzi wa manukato. Katika tangazo lile Sheene alikuwa sura maarufu tu, yaani alikuwa mwanamitindo. Hivi ni kusema kwamba ushahidi haukai katika mtu daima. Unakaa katika uhusiano baina ya mtu na jambo analolishuhudia. Mtu mmoja aweza kuwa shahidi asubuhi na mwanamitindo jioni.

Picha husema nini?

Mwaka 1964 mwanachuoni Mfaransa Roland Barthes alichapisha uchambuzi wa tangazo moja la vyakula vya Kiitaliano. Katika uchambuzi huo alionyesha kwamba picha hubeba maana nyingi zinazoelea, na kwamba kazi moja ya maneno yaliyo pamoja nayo ni kuitia nanga, ili msomaji ashike maana iliyokusudiwa na kuziacha nyingine. Mfano wa nanga watufaa sana sisi tulio karibu na bahari. Chombo kisicho na nanga huenda upepo uendako, na upepo wa biashara wajulikana unakovuma.

Hebu tuichukue picha ya kawaida ya aina hii. Kijana mrefu, taya limekaza, amesimama kando ya pikipiki katika barabara ya milimani wakati wa machweo. Koti lake ni jeusi na jipya. Picha hiyo yaweza kusema, "Koti hili ni zuri." Yaweza kusema, "Avaaye koti hili ni jasiri." Yaweza pia kusema, "Huyu ni mwendeshaji, naye amelichagua koti hili. Kwa hiyo lafaa kwa safari ya hatari." Maana hii ya tatu ni ushahidi, na hakuna aliyeutoa. Umeundwa na barabara, pikipiki na machweo. Iwapo mtu angeiandika kwa maneno, angeweza kuulizwa: nani alilichagua, na alisafiri kwenda wapi? Picha haiulizwi.

Picha za wanawake zina tatizo lao la ziada. Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya jinsia na matangazo, alionyesha jinsi wanawake wanavyopigwa picha wakigusa vitu kwa ncha za vidole, wakiinamisha vichwa au wakiegemea, ilhali wanaume hushika vitu kama watu wanaovitumia. Katika matangazo ya pikipiki mwanamke amewekwa mara nyingi juu ya pikipiki kama pambo la pambo, zipu ya koti ikiwa wazi na mikono ikiwa haina glavu. Mwanamke anayeendesha kweli, anayetaka kujua kama kikinga cha goti kitakaa mahali pake kwenye mguu wake, hapati jibu katika picha hiyo. Anaonyeshwa jinsi ya kutazamwa, na hilo silo aliloliuliza.

Je, dawa ni kuwafukuza wanamitindo na kuwapiga picha waendeshaji peke yao? Sidhani. Mwendeshaji asiyezoea kamera husimama kama mti, na mnunuzi hapati kuona mkato wa nguo. Zaidi ya hayo, mshindani mashuhuri naye hulipwa, na suti anayoivaa uwanjani aghalabu hushonwa kwa vipimo vya mwili wake mwenyewe, haichukuliwi dukani. Shahidi huyo ni wa kweli, lakini huenda anaishuhudia nguo ambayo mnunuzi hatauziwa. Lililo muhimu ni mtazamaji aambiwe nani anasimama mbele yake, na kwa kazi gani.

Sheria za Marekani zimekwisha kuitambua tofauti hii. Mwongozo wa Tume ya Biashara ya nchi hiyo uliotolewa mwaka 1980 ulieleza kwamba tangazo likionyesha kuwa mtu fulani anaitumia bidhaa anayoisifu, mtu huyo lazima awe mtumiaji wa kweli. Mwanamitindo anayeonyesha tu hakufungwa na sharti hilo. Mpaka baina yao ni mpaka wa dai, yaani wa kile ambacho tangazo lamfanya msomaji aamini.

Shahidi wa mizani

Pana shahidi wa tatu asiye na sura, naye ni kipimo. Umuhimu wake waonekana katika utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2011, ulioongozwa na Liz de Rome. Watafiti waliwachunguza waendeshaji 212 waliopata ajali katika jimbo la mji mkuu wa nchi hiyo. Walikuta kwamba waliovaa mavazi ya kinga hawakulazwa hospitalini kwa wingi kama wasioyavaa. Lakini walikuta pia kwamba karibu asilimia 30 ya makoti, asilimia 28 ya suruali na asilimia 26 ya glavu zilizouzwa kwa matumizi ya pikipiki zilishindwa katika ajali hizo: zilitoboka, zilichanika au zilifumuka. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mavazi yale yalikuwa yameuzwa, na bila shaka mengine yalikuwa yametangazwa kwa picha nzuri.

Nchi za Ulaya zina kanuni iliyotolewa mwaka 2020, ijulikanayo kama EN 17092, inayoyapanga mavazi ya pikipiki katika madaraja. AAA ni la juu kabisa, kisha AA, kisha A. Daraja B ni la nguo inayostahimili msuguano bila ya kuwa na vikinga vya pigo, na C ni la nguo ya kubeba vikinga tu, isiyodai kustahimili msuguano. Kinga ya mgongo nayo hupimwa kwa kuangushiwa uzito: ya daraja la kwanza haitakiwi kupitisha kwa wastani zaidi ya kilonewtoni 18, na ya daraja la pili zaidi ya 9. Tangu mwaka 2018 Australia na New Zealand zina mpango uitwao MotoCAP, ambao hununua mavazi madukani kama mnunuzi wa kawaida, huyapima, kisha huyatolea nyota kwa usalama na kwa wepesi wa kuvaliwa wakati wa joto.

Herufi mbili tu, AA, zaelezea usalama wa koti kuliko machweo kumi ya milimani. Lakini herufi hazipigiki picha. Ni lazima ziandikwe, na zikiandikwa bila maelezo msomaji wa kawaida hazielewi. Hapa ndipo mwandishi wa tangazo anapohitajiwa.

Hali yetu na kazi ya mwandishi

Nchini Kenya suala hili si la starehe ya watu wachache wenye pikipiki kubwa. Bodaboda ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Busia, na baada ya kodi ya thamani kuondolewa juu ya pikipiki ndogo mwaka 2008, pikipiki zilienea mijini na vijijini. Sheria ya trafiki, kwa marekebisho ya mwaka 2012, inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na koti lenye viakisi mwanga.

Mwendeshaji wa bodaboda hujichagulia nguo kwa hoja zake. Asubuhi ya mwezi wa Julai huko Limuru au Nairobi huvaa koti zito la mitumba, na mara nyingi hulivaa kinyumenyume, mgongo wa koti ukiwa kifuani, ili upepo usipenye kwenye vifungo. Hilo ni wazo lile lile la zipu ya mshazari ya mwaka 1928. Linaonyesha kwamba mtu huyu haitazami nguo kwa kioo. Anaitazama kwa upepo. Lakini koti hilo, hata liwe zito namna gani, halikushonwa kwa ajili ya lami. Kiakisi mwanga nacho humfanya aonekane, na kuonekana ni kinga kubwa, walakini hakimlindi ngozi akiisha kuanguka.

Pana jambo jingine la kustaajabisha. Viakisi hivyo mara nyingi huwa na jina la kampuni mgongoni. Huko Kampala, tangu mwaka 2014, helmeti na viakisi vya rangi ya chungwa vya SafeBoda vilikuwa tangazo lililozunguka mji mzima. Kwa hiyo mwendeshaji wetu amekwisha kuwa mwanamitindo bila ya kuitwa jina hilo. Hubeba tangazo la watu, ilhali yeye mwenyewe ni nadra kuonekana katika tangazo la nguo inayoweza kumwokoa, au kuelezwa habari za nguo hiyo kwa lugha anayoielewa.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa, na inaliagiza Bunge kutunga sheria juu ya matangazo ya haki, ya kweli na yenye adabu. Habari isiyoeleweka si habari. Kwa wengi wa waendeshaji wetu, habari inayoeleweka ni ile iliyoandikwa kwa Kiswahili.

Ili kuonyesha kinachowezekana, tumetunga hapa maelezo mawili ya picha moja. La kwanza ni hili: "Koti la wafalme wa barabara. Livae, dunia ikutazame." La pili ni hili: "Koti la ngozi ya ng'ombe, daraja AA. Vikinga vya mabega na viwiko vimo ndani, hata katika picha hii. Kinga ya mgongo huuzwa peke yake. Aliyepigwa picha ni mwanamitindo. Urefu wake ni mita 1.83, naye amevaa kipimo cha 50. Lijaribu ukiwa umeketi juu ya pikipiki."

Maelezo ya kwanza yana mapigo mazuri, nasi hatuyadharau. Tangazo lisilovutia halisomwi. Lakini hayamwambii mtu kitu ambacho picha haikukisema. Maelezo ya pili yameitia picha nanga. Hayamfukuzi mwanamitindo, bali yamemtaja kwa kazi yake na kumpa heshima yake: yeye ni kipimo cha macho, si shahidi wa ajali. Sentensi ya mwisho inamrudisha mnunuzi katika soko la wahenga wetu, ambamo mtu hukishika kitu kabla ya kukilipia.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kumwajiri mwanamitindo katika matangazo ya mavazi ya pikipiki si kosa, na kwamba kosa huanza pale mwanamitindo anapoachwa asimame mahali pa shahidi. Mkato wa nguo na ushonwe kwa macho ya mwanamitindo. Matumizi yake na yashuhudiwe na mwendeshaji aliyeivaa nguo ile ile inayouzwa. Nguvu yake na ielezwe na kipimo. Kisha mwandishi aseme waziwazi nani ni nani.

Mazungumzo juu ya istilahi katika vyuo vyetu hujishughulisha sana na maneno ya sayansi na utawala. Ni vema yajishughulishe pia na maneno haya madogo ya dukani: kikinga, mshono, daraja la msuguano, kinga ya mgongo. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na mwanamitindo daima huvaa ya kuazima. Picha ikiisha kupigwa huivua akaenda zake. Atakayebaki nayo mwilini siku ya mvua, kwenye kona yenye utelezi, ni yule aliyeyasoma maneno.